Pango la Tuco: kisa cha filamu ya kauboi iliyorefuka ikiwa dukani

Mtu yuko peke yake chumbani, ghorofani, kwenye hoteli ya mji ambao jeshi linaukimbia. Bastola yake ameifungua vipandevipande, anaisafisha bila haraka. Nje kikosi kinapita barabarani: kwato, magurudumu, buti. Mara safu inasimama. Katika ule ukimya wa nukta chache yule mtu anasikia mlio mdogo wa chuma kutoka upande wa ngazi, kisha nao unanyamaza. Askari wanapoanza tena kutembea, vidole vyake vinaunganisha bastola mbiombio. Mlango unafunguka, watu watatu wanatokea, na wote watatu wanaanguka. Wa nne kaja kwa dirisha, na huyo ndiye Tuco.

Hao watatu ni nani? Katika The Good, the Bad and the Ugly kama ilivyoonyeshwa Marekani kuanzia Desemba 1967, hatuambiwi. Hatujapata kuwaona. Tunawajua kwa vyuma vya visigino vyao, vile wapanda farasi wanavyofunga nyuma ya buti, na tunavisikia wakati uleule Blondie, yule mtu wa bastola, anapovisikia. Tukio zima limejengwa juu ya sikio la mtu mmoja.

Aliyenunua DVD ya 2004 alilitazama tukio hilohilo akiwa na habari kamili mfukoni. Kabla ya hoteli kulikuwa kumepachikwa kipande kingine: Tuco anaingia pangoni kuwatafuta jamaa zake wa zamani, anawashawishi, wanakubali. Watatu. Basi wanapopanda ngazi mtazamaji anahesabu tu, kama kondakta anayehesabu abiria waliokwisha kulipa. Blondie anatega sikio, sisi tunamngoja amalize.

Kipande hicho cha pangoni, Sergio Leone, mwongozaji wa filamu, alikitoa kwa mkono wake baada ya onyesho la kwanza la Roma mnamo Desemba 1966. Leone alifariki Aprili 1989. Mwaka 2003 pango likarudi. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, aliyeingia dukani Marekani kununua toleo jipya la filamu hii aliuziwa na pango lake, atake asitake.

Nimeifuatilia habari hii kwa miaka, kwa kiasi ambacho nyumbani kimenipa jina, na ninaiona kuwa mfano mzuri wa jambo ambalo wanunuzi wengi wa filamu za zamani hawalishughulikii. Tunadhani kutoa filamu kwenye diski ni kazi ya kunakili, kama mtu anavyohamisha nyimbo kutoka kanda kwenda simu. Kumbe kila toleo ni uamuzi. Kuna mtu aliyeketi mahali akachagua urefu, rangi, sauti na umbo la fremu, na mara nyingi jina lake halimo hata kwenye kasha.

Kwanza filamu yenyewe, kwa ufupi, kwa wale ambao hawajaiona. Ilipigwa Hispania, sehemu kwenye jangwa la Tabernas kule Almería na sehemu mkoa wa Burgos, ikijifanya kuwa Marekani ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanaume watatu wanaitafuta dhahabu iliyozikwa kaburini: Clint Eastwood ndiye Blondie, Eli Wallach ndiye Tuco, Lee Van Cleef ndiye Angel Eyes. Kamera ilikuwa chini ya Tonino Delli Colli, muziki ni wa Ennio Morricone. Waitaliano waliiona kwa karibu saa tatu. Kwa soko la nje ilipunguzwa hadi kama dakika 161, na hiyo ndiyo iliyoenea duniani, ikapigiwa miluzi na wazee wetu waliokuwa wakienda kutazama kile walichokiita tu picha za kauboi. Wao hawakuwa na haja ya kujua kama kauboi huyu ni wa Texas au wa Roma.

Kisha zikaja kanda za video. Hapa tusikae sana, ila kosa moja la kanda lazima litajwe, kwa sababu ndilo lililowafanya watu wawe na njaa ya toleo bora. Filamu hii ni pana: upana wake ni mara 2.35 ya kimo chake. Televisheni za wakati ule zilikuwa karibu mraba, upana mara 1.33. Ili kuijaza skrini, fundi alikata picha pembeni, akawa analisogeza dirisha lake kushoto na kulia kufuata anayezungumza. Piga hesabu: kinachobaki ni kama asilimia 57. Karibu nusu ya filamu imebaki kiwandani. Sasa fikiria pambano la mwisho pale makaburini, watu watatu wamesimama pembe tatu ndani ya duara kubwa la mawe, kila mmoja akiwatazama wawili. Kwenye kanda huwaoni watatu kwa pamoja bila mmoja kuliwa bega. Pambano la watatu likawa mfululizo wa mtu mmojammoja.

DVD ilipokuja, mambo yakatengenea, na kwa maoni yangu yalitengenea kuliko yalivyokuja kuwa baadaye. Toleo la kwanza la MGM, la 1998, lilikuwa na filamu ya dakika 161 kwa upana wake kamili. Vipande vilivyokuwa vimekatwa kwa ajili ya soko la nje, kama dakika 14, viliwekwa kando kwenye diski hiyohiyo kama nyongeza, kwa sauti ya Kiitaliano na manukuu chini. Ukitaka kuviona, unavifungua. Usipotaka, filamu yako iko palepale. Laiti wangeishia hapo kwenye suala la urefu, nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Lakini nyongeza inayokaa kando haina mvuto wa biashara. Huwezi kutangaza kwa herufi kubwa kwamba sasa tunakuuzia kilekile. Kati ya 2002 na 2003, MGM, ambayo maktaba ya filamu za United Artists iliangukia mikononi mwake, ilitengeneza toleo refu la Kiingereza la dakika 179. Kazi iliongozwa na John Kirk wa idara ya ufundi ya kampuni hiyo, na toleo hilo likaonyeshwa kwenye kituo cha televisheni cha AMC kabla ya kuingia kwenye DVD ya diski mbili mwaka 2004.

Tatizo lao la kwanza lilikuwa sauti, na hapa ndipo kisa kinapokolea.

Filamu za Kiitaliano za wakati ule hazikurekodiwa sauti papo hapo. Kwenye uwanja wa kupigia picha kila mwigizaji alisema kwa lugha yake: Eastwood, Wallach na Van Cleef Kiingereza, wengine Kiitaliano au Kihispania, na nyuma yao mafundi wakipiga makelele ya kazi. Maneno yote yaliingizwa baadaye studioni. Kwa hiyo hakuna kitu kinachoitwa sauti halisi ya filamu hii. Kuna sauti ya Kiitaliano iliyotengenezwa na kuna sauti ya Kiingereza iliyotengenezwa, na zote mbili ni halali. Mtazamaji wa Kiswahili haoni ajabu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, tukaonja filamu kwa sauti ya watafsiri kama Lufufu na baadaye DJ Afro, tunajua kwamba midomo inaweza kwenda njia yake na maneno njia yake, na bado ukalia panapoliza.

Sasa vile vipande vilivyokatwa havikuwahi kuingizwa Kiingereza kwa ajili ya soko. Vilikuwa na Kiitaliano tu. Ili vishonwe kwenye filamu ya Kiingereza bila mtazamaji kuruka kutoka lugha moja hadi nyingine, ilibidi watu waseme upya. Eastwood aliitwa, mtu aliyekwisha kupita miaka 70. Wallach aliitwa, yeye akiwa amepita 85. Wakaingia studioni wakasema maneno ya vijana wao wenyewe, zaidi ya miaka 35 baadaye. Van Cleef alikuwa ameshafariki tangu Desemba 1989, kwa hiyo sehemu yake ilisemwa na Simon Prescott, na wengine waliokwisha kutangulia nao wakapewa wa kuwasemea.

Matokeo yake yasikilize kwenye tukio moja. Blondie na Angel Eyes wako kambini njiani, na watu wa Angel Eyes wanajitokeza vichakani mmoja baada ya mwingine. Blondie anawahesabu, pamoja na Angel Eyes mwenyewe wako sita, anasema hiyo ndiyo namba iliyotimia. Angel Eyes anamuuliza kama si tatu ndiyo iliyotimia. Blondie anakubali, ila bastola yake ina risasi sita. Maandishi ni matamu, ni ya Leone kabisa. Lakini uso unaouona ni wa kijana wa miaka 36, ngozi imenyooka, na sauti inayotoka humo ni ya mzee: nzito, kavu, imekwaruzwa na miongo. Halafu anayemjibu ana uso wa Van Cleef na koo la mtu mwingine. Tukio linalofuata, la zamani, sauti zinarudi ujanani. Ni kama kumsikiliza mjomba akisimulia, mara babu anampokea sentensi moja, mara mjomba anaendelea.

Wallach anaudhi kidogo tu, kwa sababu Tuco ni mtu wa kupayuka na sauti yake tangu mwanzo ilikuwa na mikwaruzo. Anayeumia ni Eastwood, ambaye kazi yake yote kwenye filamu hii ni kusema kidogo. Mtu anayesema maneno machache, kila neno lake lina uzito mara kumi, na likiwa la umri mwingine unalisikia mara kumi.

Niwe muungwana hapa. Si kila kilichorudishwa kilikuwa kibaya. Katika toleo fupi Angel Eyes anamfuatilia askari mmoja aitwaye Bill Carson, halafu baadaye tunamkuta ni sajenti kwenye kambi ya wafungwa wa vita, na hatujui kafikaje pale. Kipande kilichokatwa kinajibu: anafika kwenye ngome iliyobomoka, imejaa majeruhi wa jeshi la Kusini wanaooza kwa vidonda, na huko anapata habari za kambi. Van Cleef anatembea katikati ya wale watu, na kwa mara ya pekee uso wake unaonekana kuguswa na kitu. Ningekitetea kipande hicho mbele ya baraza lolote. Kinafunga tundu la hadithi na kinaongeza vita kwenye filamu ambayo vita ndiyo ardhi yake. Hata urefu wa ziada wa jangwani, Tuco akiosha miguu kwa maji mbele ya Blondie anayekufa kwa kiu, unaweza kuutetea kwa ukatili wake wa kuchekesha.

Lakini pango? Pango halifungi tundu lolote. Leone aliliona na watu ukumbini Roma, akaamua halifai, akalitoa. Kulirudisha si kurejesha filamu iliyokatwa na wenye fedha, ni kumpinga mwenye kazi akiwa kaburini. Na cha ajabu, kipande ambacho kingestahili kutafutwa kwa tochi, tukio la mji wa Socorro, kilipotea. Kwenye DVD ya 2004 kilijengwa upya kwa picha za mnato na mabaki, kikawekwa kwenye nyongeza. Yaani lile walilolikosa waliliweka mahali pake panapostahili, kando, kwa heshima. Lile walilolipata wakalisukumia ndani.

Jambo la pili la 2003 halikutangazwa sana, nalo ndilo lililowachoma zaidi wapenzi wa zamani. Filamu ilikuwa na sauti ya mono, mfereji mmoja. Kwa ajili ya spika tano na nguzo ya besi za sebuleni, sauti ilichanganywa upya, na milio ya bunduki na mizinga ikaongezewa mipya. Aliyezoea risasi za kauboi wa Kiitaliano anajua zina mlio wake: mkali, wenye mluzi mwishoni, hauna uhusiano na bunduki yoyote duniani na ndiyo maana unapendeza. Mlio mpya ulikuwa mpana na wenye kishindo, mlio wa filamu za miaka ya karibuni. Sauti ya Kiingereza ya mono ya zamani haikuwekwa kwenye diski hiyo hata kama chaguo. Mono ya Kiitaliano ilikuwemo. Kwa hiyo aliyetaka risasi za 1966 ilimpasa amsikilize Blondie akiongea Kiitaliano.

Ukiangalia kwa karibu, kosa si kuchanganya upya. Watu wenye spika tano wana haki ya kuzitumia. Kosa ni kuondoa. Faili ya sauti ya mono haichukui nafasi ya maana kwenye DVD.

Mwaka 2009 ikaja Blu-ray, diski yenye picha kali kuliko DVD, ya toleo hilohilo refu, nayo ikaleta kero mpya ambayo kuielewa inabidi tujue filamu ilipigwa kwa mkanda gani.

Leone alitumia mfumo uitwao Techniscope, uliobuniwa na tawi la Italia la Technicolor, kampuni ya rangi za filamu. Mkanda wa kawaida wa milimita 35 una matundu manne pembeni kwa kila fremu. Techniscope ilitumia matundu mawili tu, ikapata fremu nyembamba na pana, isiyofika milimita 10 kwa kimo. Mkanda wa futi 1000 ambao kwa kawaida huisha kwa dakika 11 ukawa unakwenda dakika 22. Ni akiba ya nusu kwa nusu, na kwa watengenezaji wa Roma waliokuwa wakihesabu senti, hiyo ilikuwa neema. Gharama yake ni kwamba picha ndogo hivyo ikikuzwa kwenye pazia, chembechembe zake zinaonekana. Zinatetemeka juu ya anga, juu ya mashavu, kama vumbi kwenye mwali wa jua.

Kwa Leone chembe hizo zilikuwa karibu sehemu ya mavazi. Filamu inaanza kwa mandhari tupu ya jangwa, kisha ghafla uso wa mtu unaingia mbele ya kamera na kulifunika jangwa lote: makunyanzi, jasho, ndevu za siku tatu, jicho lililobanwa na jua. Mandhari na uso ni kitu kimoja, vyote vimekauka na kupasuka. Kwenye Blu-ray ya 2009 mtu fulani aliziona chembe hizo kuwa uchafu, akazipitishia programu ya kusafisha. Chembe zikaondoka, na vinyweleo vikaondoka nazo. Nyuso zikawa laini kama nta ya mshumaa. Watu wale ambao hawajaoga tangu filamu ianze wakaonekana wametoka saluni.

Mwaka 2014 MGM ikaleta picha mpya kabisa, iliyoskaniwa kwa ukali wa juu uitwao 4K na maabara ya L'Immagine Ritrovata kule Bologna. Kwa ukali wa picha hakuna wa kubisha, uzi wa koti la Tuco unauhesabu. Ila ilikuja na rangi ya njano. Si njano ya jua la saa kumi, ni njano iliyotandazwa kila mahali: mawingu, mashati meupe, kuta za misheni, mpaka anga ambalo zamani lilikuwa la bluu likawa kama limemwagiwa chai ya rangi.

Nani aseme rangi sahihi ni ipi? Leone hayupo. Delli Colli alifariki 2005. Ushahidi uliobaki ni nakala za zamani za sinema zilizochapwa na Technicolor kwa njia ya kupandisha rangi: rangi tatu zinapigwa chapa moja baada ya nyingine juu ya mkanda, kwa namna inayofanana na kanga zinavyochapwa kiwandani, kila rangi na zamu yake. Nakala hizo hazipauki upesi kama negativu za wakati ule, yaani mikanda ya asili iliyopita ndani ya kamera, kwa hiyo ni mashahidi wa kuaminika zaidi kuliko kumbukumbu ya mtu. Wapenzi wakaanza kulinganisha picha kwa picha, toleo kwa toleo, na wengi hawakuiona njano ile mahali pengine. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa kuvumilia, nikidhani labda macho yetu yamezoea kanda mbovu. Nikabadili mawazo kwenye tukio la daraja, askari wa pande mbili wakikabiliana ukingoni mwa mto. Sare za Kaskazini ni za bluu. Hadithi ina mzaha mzima unaotegemea bluu hiyo: Blondie na Tuco wanawaona askari wa kijivu kwa mbali, Tuco anawashangilia kuwa ni wa Kusini, kumbe ni wa Kaskazini waliojaa vumbi, kamanda anajipangusa mkono na bluu inatokea chini yake. Ukiitia njano bluu hiyo, mzaha unapungua nguvu. Rangi pale ni sehemu ya hadithi.

Sauti ya mono ya Kiingereza iliorodheshwa kwenye diski ya 2014, watu wakafurahi, wakaweka masikio, wakagundua kuwa ni ule mchanganyiko mpya uliobanwa ukawa mfereji mmoja. Risasi zilikuwa zilezile za 2003. Hapo hata mimi mvumilivu nilicheka.

Mpaka hapo hesabu ya mnunuzi mwaminifu ni hii: kanda, DVD ya 1998, DVD ya 2004, Blu-ray ya 2009, Blu-ray ya 2014. Mara tano, na ile filamu ya dakika 161 yenye risasi zake za zamani, kwa umbo zuri la kisasa, haijatokea. Kila toleo lilisahihisha kitu na kuharibu kingine. Ninavyoona, sababu si uzembe wala ubaya wa mtu. Kila kundi la mafundi lilipewa swali moja tu. La 2003 liliulizwa, tunapataje filamu ndefu zaidi? La 2009 liliulizwa, tunaifanyaje ionekane safi kwenye televisheni mpya? La 2014, tunapataje ukali wa mwisho kutoka kwenye negativu? Kila moja lilijibu swali lake vizuri. Swali la filamu gani hasa inatolewa halikuwa kwenye meza ya mtu.

Likaja kuwekwa mezani na kampuni ndogo. Mwaka 2017 Kino Lorber ya New York, ikiwa na leseni kutoka MGM, ilitoa Blu-ray ya miaka 50 yenye diski mbili: filamu fupi kwenye moja, filamu ndefu kwenye nyingine. Njano ilipunguzwa. Mono ya zamani ilirudi kwenye filamu fupi. Haikuwa kamilifu, wachunguzi walikuta kasoro humu na humu, lakini kwa mara ya kwanza tangu 1998 mnunuzi wa Marekani aliweza kukaa na kumsikia Blondie akitega sikio bila kuwa amepitishwa pangoni kwanza. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikarudi na diski ya 4K, na filamu waliyoipa heshima ya 4K ni ile fupi. Ndefu ilibaki kwenye Blu-ray ya kawaida, ndani ya kasha lilelile.

Kwa msomaji anayetaka kuinunua ikiwa imetumika, au kuazima, usisome maneno ya jalada, soma dakika. Filamu fupi ni 161 au 162, ndefu ni 179. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tuna mtego wetu. DVD nyingi zinazotufikia ni za mfumo wa televisheni wa PAL, hasa zile zinazotoka Uingereza, na PAL huikimbiza filamu kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24. Kila kitu kinakwenda haraka kwa asilimia nne na ushee, sauti inapanda kidogo, na saa inapungua. Kwa hiyo kasha likiandika dakika 172 usishangilie kwamba umepata toleo la kati lisilojulikana: ni ile ya 179 inayokimbia. Fupi nayo itasomeka karibu 155. Nimewahi kubishana na muuzaji mzima wa diski kwa nusu saa juu ya hili, na yeye akaniuzia kwa bei pungufu ili niondoke.

Kasha la 2021 nililipata kwa shemeji aliyekuja likizo kutoka Marekani, limefungwa katikati ya sweta ili lisipasuke. Diski za 4K hazina mipaka ya kanda za dunia, yaani maeneo ambayo mashine za kila moja hupokea diski zake tu, kwa hiyo filamu fupi ilicheza mara moja kwa mashine niliyoazima. Usiku ule nilikaa karibu na spika, si kwa ajili ya picha. Safu ikasimama, nje kukanyamaza, na vile vyuma vya visigino vikalia mara moja, vidogo, upande wa ngazi. Mke wangu, ambaye hajawahi kuiona filamu hii kwa urefu wowote, aliacha kumenya vitunguu akaniuliza, "Nani hao?"

Diski ya pili ni Blu-ray ya kanda A, ya Marekani. Mashine za kwetu ni kanda B. Niliiingiza, ikazunguka kidogo, mashine ikaitema. Pango la Tuco limo humo.